Kidole cha Lukumani

Ruponda nzima inamjua Lukumani kwa kidole gumba. Alikuwa mpima ufuta ghalani, wakulima wakamshutumu kwamba anabonyeza mzani kwa kidole hicho, naye akaapa mpaka sauti ikamkauka: "Sijagusa!" Nani amwamini? Akafungasha virago, akahamia Nachingwea mjini. Huko Mwalimu Penina, Msukuma aliyekuja kufundisha fizikia chuoni, akampa kazi ya kutunza maabara bila kumuuliza ya nyuma. Kwa hilo tu, Lukumani alikuwa tayari kumfia.

Kazi yenyewe, jamani, ilimtia woga. Vipande viwili vya kinywe, yale madini meusi ya Ruangwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vilitazamana ndani ya chupa iliyonyonywa hewa yote. Kimoja kinapashwa moto, kingine kinapimwa joto linalovuka. Umeme unavisogeza kidogo kidogo, na vikigusana tu, kengele inalia.

Mchana ule mwanya kati ya vipande ulibaki mwembamba mara elfu kuliko unywele. Kengele kimya. Joto likapanda, likapita kikomo cha mng'ao wa kawaida alichokiandika Mwalimu ubaoni, likafika mara mbili, mara nne. Mwili ukamsisimka Lukumani. Hewa hakuna, kugusana hakuna, na bado kuna kitu kinavuka.

Mwalimu alitarajia joto lizidi, maana vitu vikikaribiana hivyo joto huruka mwanya hata bila hewa, ila si kwa kasi ile. Akamgeukia. "Kaka Lukumani, hujagusa meza kweli? Ikitikisika tu, vipimo vinaharibika."

"Wallahi Mwalimu, sijagusa!"

Maneno yale yale ya ghalani. Aliyasikia yakimtoka, akaona aibu. Akifukuzwa na hapa, atakwenda wapi tena na kidole hiki?

Penina akamtoa nje juani, akafunga mlango kwa ufunguo. "Weka mikono dirishani niione."

Wakachungulia pamoja. Chumba kitupu, kengele kimya, na kwenye kioo cha kompyuta namba zinapanda vilevile, taratibu, kama kuna mtu amekaa mle ndani anabonyeza. Lukumani akatamani kukimbia.

Penina akacheka kwa furaha. "Hujagusa! Nisamehe, kaka yangu. Walinisimulia na yale ya Ruponda. Sasa najua walikuonea tu."

Lukumani akakitazama kidole chake pale kwenye kioo cha dirisha.

"Hapa sijagusa, Mwalimu," akasema. "Ruponda niligusa."