Kitambaa Alichokificha Aabo

Hadi leo nikipita gereji yoyote pale Galbet, mtaa wa Garissa, na kunusa oili iliyoungua, hugeuza njia. Harufu hiyo hunirudisha kwenye kisima cha mashine, njia ya Hulugho, mwaka mmoja wa ukame katika miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka tisa.

Aabo, yaani baba yangu, ndiye aliyeendesha injini ya kuvuta maji. Aliipenda mno, mama alimtania kwamba ingekuwa na wazazi angeshapeleka posa. Ilipoanza kufuka moshi na kukosa nguvu, fundi mmoja wa Garissa alimletea mkebe wa dawa ya kusafisha injini. Akamweleza mara mbili: mimina kwenye oili, iache ingurume polepole dakika kumi bila kuvuta maji, zima, mwaga oili yote, kisha fungua chini ukague chujio. Ukiifanyisha kazi na dawa ndani, uchafu unaong'oka utaziba chujio na injini itakufa.

Asubuhi Aabo alipoimimina dawa hiyo na kuwasha injini, nilikuwa wa kwanza kufika na punda wetu. Dakika kumi zilipoisha Aabo alizima, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kipande cheupe cha mtandio mkuukuu wa mama. Oili ilikuwa nyeusi tititi, imejaa punje za masizi. Akampelekea Abti, kaka wa mama, aliyekuwa mzee wa kisima na mwenye kuamua zamu.

"Tazama mwenyewe, dawa imefanya kazi," alimwambia. "Nipe hadi adhuhuri nimwage oili na kuosha chujio."

Abti alikitazama kitambaa. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini ngamia wake walikuwa wameshafika, wamekonda, wananusa birika tupu la kunyweshea.

"Wallahi shemeji, wanyweshe hawa kwanza. Uchafu umekaa humo miaka yote, leo utashindwa kungoja?"

Aabo akawasha. Ngamia wa Abti walikunywa wote. Zamu ya mbuzi wa jirani ilipofika, injini ilikwaruza chuma kwa chuma, ikakwama.

Wiki mbili baadaye mizoga ilikuwa imezunguka kisima. Barazani, wazee walipouliza nani aliyeua injini, Abti alisema hakuambiwa lolote, shemeji yake alijaribu tu dawa asiyoijua. Aabo aliketi mkono mfukoni, na nilijua ameshika nini. Nilingoja akitoe kile kitambaa. Hakukitoa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Huyo ni kaka wa mama yako," akasema.

Alifukuzwa kazi. Tukahamia Garissa, akasukuma mkokoteni wa maji hadi mgongo ukapinda, na watu wa kwetu wakimwita muua kisima. Niseme kweli, nilimdharau. Nilidhani ni mwoga.

Tulipomzika nilikikuta kitambaa sandukuni mwake. Nikampelekea mama, nikamsimulia yote, nikidhani namfunulia siri. Aligusa pindo la kitambaa taratibu.

"Nilikifua mimi, jioni ya baraza," akasema. "Doa lilikataa kutoka, nikaelewa yote. Nikakirudisha mfukoni mwake."

Aabo alikufa akiamini kwamba amemficha mkewe aibu ya kaka yake. Mama alijua, akamwacha asukume mkokoteni miaka yote ile.

Abti bado yu hai. Idi akija kututembelea, mama humpakulia yeye kwanza, na mimi ndiye ninayempelekea sahani.