Tope na Kanzu ya Ami Azzan

Zulekha anauza vifungo na nyuzi Mtaa wa Narung'ombe, lakini ukimuulizia kwa jina hilo utazungushwa Kariakoo nzima. Ulizia Mama Mbwa, utaoneshwa. Mafuriko yakishapita bonde la Jangwani, yeye ndiye hushuka na buti za mpira kuokota mbwa walioachwa, akawatibu, akawatafutia watu wa kuwafuga. Na akishampa mtu mbwa hamtupi mkono. Atakwenda kwake mpaka wazoeane.

Asubuhi moja alipigiwa simu na Ami Azzan, muuza mazulia wa mtaa wa nyuma. "Njoo umchukue mbwa wako. Namwita haji. Mlinzi gani huyo?"

Zulekha alifunga kibanda moyo ukiwa mzito. Tope, mbwa mwenyewe, alikuwa ameshachukuliwa na kurudishwa zaidi ya mara moja. Mwenye nyumba anayopanga Zulekha naye alishasema, akiingia mbwa mwingine, mpangaji atoke. Tope akirudishwa leo, hana pa kwenda ila bondeni alikookotwa.

Alimkuta Azzan uani, mbele ya ghala, na kanzu nyeupe pe. Mkewe, Bi Amna, alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kamba yake hiyo hapo."

"Hebu mwite kwanza nione."

"Tope, njoo."

Tope akaja mbio, mkia ukicheza. Alipokaribia, mzee akakusanya kanzu kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma, akamfyonyea. Mbwa akanywea, akarudi alikotoka.

"Umeona?"

"Nimeona, Ami. Unamwita, halafu unamfukuza."

"Nina udhu, mwanangu. Akinigusa na pua hiyo mbichi nianze kuosha mara saba, na udongo juu. Kila swala?"

"Katafuta mbwa wa kutisha wezi," Bi Amna akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "wa kwanza kutishika ni yeye."

Zulekha hakucheka. Naye anaswali, na nguo za kushikia mbwa anazitenga na nguo za swala. Aliomba kipande cha zulia ghalani, akakitandika mbali kidogo na miguu ya mzee, akatoa dagaa wakavu mkobani. Kila Tope alipokaa juu ya zulia, alirushiwa dagaa. Akivuka, hapati kitu.

"Sasa wewe, Ami. Na kanzu uiache. Ukiishika tu, anajua unamkataa."

Mikono ya Azzan ilikosa pa kukaa, mwishowe akaificha mgongoni. "Tope, njoo."

Tope alikuja mbio vilevile. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua, mbwa alikuwa amekaa juu ya zulia, shingo upande, akimtazama.

"Mrushie, Ami."

Akamrushia. Akamwita tena, na tena, mpaka dagaa wakaisha na adhana ikasikika. Azzan akachukua kamba ukutani, akamkabidhi Zulekha.

"Nenda na kamba yako. Huyu anasikia, haina kazi hapa. Ila kesho uje, tumfundishe na kubweka usiku kwa adabu."

"Mwaka mzima naomba kipande cha zulia la jikoni," Bi Amna akasema, "naambiwa hakuna."

Hapo Zulekha akacheka. Alirudi Narung'ombe na kamba isiyo na mbwa, kama alivyomwomba Mungu. Hata hivyo, njia nzima mkono wake ulikuwa umeikaza, kana kwamba kuna anayevuta.