Mzigo Niliopokea Ntalikwa

Kabla hujacheka, jua kwamba mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, pombe sinywi, na jambo hili lilinipata jua likiwa bado halijazama. Haki ya Mungu, sikuota.

Kazi yangu ni kuziba pancha za baiskeli hapa Tabora. Ugonjwa wangu ni miji ya kale. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza mwenyewe kwa kuinama mashambani nikiokota vigae. Nilikuwa na hakika kwamba pale Ntalikwa, kando ya njia ya zamani ya misafara, palikuwa na mji. Mwenye shamba alinipa siku moja tu nimwonyeshe ushahidi, la sivyo trekta lipite kesho yake. Nilizunguka mchana kutwa, nikaambulia miiba.

Jioni, nikiwa nimekata tamaa, akatokea mwanamume wa rika langu, amejitwika furushi la ngozi, shingo imemdidimia. Ningefanya nini? Sisi tumelelewa hivi: mtu akija na mzigo unampokea, salamu baadaye.

"Karibu ndugu, lete nikupokee."

Akanikazia macho. "Umesema mwenyewe," akajibu, akanitwika.

Ulikuwa mzito, jamani! Yeye akatangulia, anatembea mwepesi, ananionyesha: hapa iliuzwa chumvi, hapa walilala wapagazi, hapa ni jikoni kwa mama yangu. Nami nyuma, mzigo kichwani, maswali hayaniishi. Amini usiamini, nilisikia harufu ya moshi na uji wa uwele. Nilifurahi mno, hata sikujiuliza mtu huyu ana umri gani.

Penye kichaka akasimama. "Hapa ndipo langoni. Mzigo huo nami nilimpokea mtu. Atakayekupokea, utakuwa wake."

Akaingia mahali ambapo mimi niliona majani matupu, akatoweka. Nikapapasa kichwani. Furushi halikuwapo, ila uzito ulikuwa palepale.

Asubuhi nilichimba alipoita jikoni, nikakuta mafiga matatu na mkaa. Mwenye shamba akashika kiuno, akalirudisha trekta. Mji umepona, na aliyeupata ni mimi. Nilitamani kurukaruka, shingo ikakataa.

Mchana huwa nafuu. Kila jioni uzito hurudi. Mke wangu akiniona naingia nimejikunja, hunyoosha mikono kama alivyofunzwa kwao: "Pole baba, lete nikupokee." Nami humfokea asinisogelee, mwanamke ninayempenda kuliko miji yote. Yeye huenda jikoni akalia. Nimwambie nini?

Nimeombewa kanisani, wapi! Na kibaya zaidi, bado nawaza ndani ya lile lango mna nini. Labda anayeutua mzigo ndiye anayeuona mji. Wazo hilo linanijia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa hiyo wewe, ukinikuta jioni kwenye kijia cha Ntalikwa, nisalimie kwa mbali, upite. Nikikuomba unipokee, hata kwa machozi, kimbia.