Nyayo Kwenye Migomba

Jumanne ya wiki ya mwisho ya Kwaresima, saa tatu asubuhi, nilimpoteza mama yangu mzazi. Ninaanza na hilo, mwanangu, usije ukasoma ukitumaini kwamba mwishoni atapona. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni nyingine, iliyotangulia: siku niliyonyamazishwa.

Baba tulikuwa tumemzika kihambani, kati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka dirisha la mama. Ndivyo tunavyozikana sisi watu wa mlimani. Haikupita miezi miwili, mama akaanza kusema kuna mtu anatembea kwenye migomba. Anasikia nyayo juu ya majani makavu, upande wa kushoto. Nilitoka kutazama. Upepo haukuwepo, na ng'ombe walikuwa wametulia wakicheua.

Niliporudi aliniuliza, "Umemkuta?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi mbona bado anatembea?"

Mimi ni mtu wa usharika, naimba kwaya. Niliogopa watu waseme nyumba yetu ina mizimu, au mama amerukwa na akili. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, lakini ujinga wa ujana hauna umri, na mbele ya mama yake mtu ni mtoto tu.

Nikampeleka kliniki mjini, mara mbili. Daktari akiuliza, nilijibu mimi: "Hapati usingizi, ni uzee." Macho ya daktari yalikuwa kwenye karatasi, ya mama yalikuwa sakafuni. Tukapewa vidonge vya usingizi. Mama akalala kama gogo, akaamka ananiambia, "Ametembea mpaka kumekucha, na safari hii sikuweza hata kugeuka."

Aliyenitajia daktari mpya ni mwanamke wa Chekereni, huko tambarare kwenye mashamba ya mpunga, aliyekuwa akiniuzia mchele sokoni. Wala hakumsifu. "Yule dada anatuchelewesha," alilalamika. "Umekwenda na kikohozi chako, anakuuliza mpaka unalala chumba gani. Foleni inafika kwenye mfereji."

"Mtu wa mlimani ateremke huko kwenye mbu kutafuta dawa?" nikamtania.

"Bakini na baridi yenu. Mchele wetu mbona mnaufuata?"

Tuliteremka wiki ile ile.

Daktari alikuwa mdogo kuliko binti yangu. Alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akaweka kalamu chini, akauliza shida ni nini. Nikaanza wimbo wangu wa uzee na usingizi. Akanigeukia taratibu.

"Mama, wewe unaumwa nini?"

"Mimi siumwi."

"Basi tumwachie anayeumwa."

Niliona aibu, mwanangu. Mama akaanza kusema. Alisema yote: kaburi, majani, nyayo. Nilingoja daktari acheke. Hakucheka. Aliuliza, "Anatembea polepole au haraka?"

"Nikilala, polepole. Nikipanda kilima, anakimbia."

"Na sasa hivi yupo?"

"Yupo."

Daktari akamshika mama mkono, vidole juu ya mshipa. "Gonga meza anavyokanyaga." Mama akagonga kwa kidole. Daktari alitazama kile kidole muda mrefu. Kisha akaweka kipimo chake cha kusikilizia shingoni kwa mama, chini ya sikio la kushoto, akafumba macho.

"Bibi," alisema, "hata mimi namsikia."

Akanivalisha kile kipimo masikioni. Nilimsikia. Fyu, fyu, fyu, kama mguu unaoburuta majani makavu ya mgomba, humo ndani ya shingo ya mama yangu.

Ulikuwa mshipa wa damu uliokuwa unaziba. Hospitali kubwa tulikopelekwa walithibitisha, wakasema kwa umri wake hawatampasua, wakampa dawa. Nilirudi kwa yule daktari kumuuliza kama tumechelewa. Hakunificha. Alisema tungefika mapema, huenda njia zingekuwa nyingi zaidi.

Siku hiyo nilikata jani la sale, lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukukataa, nikampa mama kwa mikono miwili.

"Ungeleta na maziwa," alisema, "ningekusamehe haraka zaidi."

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Jumanne ile nilikuwa namkorogea uji, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Amesimama."

Niliweka sikio shingoni pake, upande wa kushoto. Kimya. Mkono wake wa kulia ulikuwa dhaifu tayari. Wa kushoto akauweka juu ya kichwa changu, na tulikuwa hivyo mpaka jirani alipoleta gari. Hatukufika mbali.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanangu, ukimsindikiza mgonjwa, mwache aseme mwenyewe, hata kama maneno yake yanakutia aibu au hofu. Na daktari asiyekuuliza neno la pili, muage kwa heshima, kisha tafuta mwingine, hata ukiteremka kwenye mbu. Mungu akupe wa kukusikiliza siku utakayosema jambo lisiloaminika, na akupe sikio siku litakaposemwa na mwenzako.

Baada ya mazishi niliteremka kumpa daktari habari. Foleni ilikuwa imefika kwenye mfereji. Aliposikia aliinamisha kichwa, kisha akasogeza kiti karibu yangu.

"Na wewe, mama, unalalaje?"

Nikamwambia yote, kama mama alivyomwambia.