Beringi Niliyoifunga Mwenyewe

Baba yangu alikuwa fundi wa magari mjini Kilifi, nami nilikulia gerejini kwake mpaka nilipoolewa Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa karani. Gari alilijua kwenye usukani tu.

Mwaka mmoja gari letu kuukuu likaanza kutetemeka. Likiondoka lilinguruma chini ya viti, na likishika kasi barabara ya Sabaki, sakafu ilitikisika hata meno yakagongana. Fundi wa mjini alilizunguka mara mbili, akasema giaboksi imekwisha. Sikukubali. Nilijilaza chini ya gari nikaishika shafti, lile bomba refu la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma, nikaitikisa. Ikacheza juu chini kama jino bovu. Raba ya beringi inayoishikilia katikati ilikuwa imechanika yote.

"Si giaboksi," nilimwambia mume wangu. "Ni beringi. Niletee mpya kutoka Mombasa, nitaifunga mwenyewe."

"Wewe? Ulale chini ya gari majirani wakikutazama?"

"Watatazama, watachoka."

Beringi aliileta. Jumamosi asubuhi niliinua gari kwa jeki, nikaliegemeza juu ya magogo, nikavaa suruali yake kuukuu. Yeye akatundika shuka kuzunguka gari lote. Mavyaa, mama yake, akatoka ndani.

"Mwanangu, umemtilia mkeo chandarua? Kiondoe, aone anachofanya."

Akakiondoa.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, nilitia alama kwa rangi ya kucha pale vipande viwili vya shafti vinapoungana. Baba alinifundisha hivyo: vikirudi vibaya, gari litatetemeka kuliko mwanzo. Nati mbili zilikuwa na kutu. Nilizimwagia mafuta ya taa, tukanywa chai, nikarudi zikafunguka. Beringi ya zamani niliigonga kidogo kidogo kwa kipande cha mbao mpaka ikatoka. Mpya niliisukuma kwa bomba fupi, taratibu, hadi ikakaa mahali pake.

Wakati wa kurudisha shafti, mume wangu alijilaza kando yangu, na shati lake jeupe.

"Nishike wapi?"

"Hapa. Inua."

Akainua, akaviunganisha vile vipande viwili, akachukua spana. Alikuwa na furaha ya kusaidia, nami karibu nimwache.

"Ngoja. Alama ziko wapi?"

Tukatazama. Nyekundu moja ilikuwa juu, nyingine chini kabisa.

"Nimeigeuza," akasema polepole.

"Izungushe nusu. Basi. Sasa kaza."

Adhuhuri ilipopita, tulimpakia mavyaa kiti cha nyuma tukashika njia ya Sabaki. Mume wangu aliendesha kwa hofu, akisubiri ule mtetemo. Nikamwambia akanyage mafuta. Akakanyaga. Sakafu ikatulia, na nyuma mavyaa akaendelea kutusimulia habari za harusi ya Mambrui bila kupandisha sauti.

Darajani tulisimama kununua samaki. Muuzaji alipoona grisi kwenye shati la mume wangu, alimpa pole kwa kuharibikiwa na gari.

"Halikuharibika," mume wangu akajibu. "Mke wangu amelitengeneza. Mimi nilishika tu."

Gari lile tulilitumia miaka mingine minne, na beringi sikuigusa tena. Breki ndizo zilizonisumbua.