Chai ya Bwana wa Ubalozini

Juzi nilimwona yule bwana wa ubalozini kwenye video, akimsifu marehemu baba, eti mwanafalsafa wetu, bingwa wa Ubudha. Nusura niivunje simu.

Alasiri moja alikuja Tensta, mtaa wa ughaibuni tulikokimbilia, na barua: baba aiombe radhi serikali kwa vitabu vyake, aruhusiwe kurudi kufundisha. Mimi, mtoto, niliona mgeni tu. Nikamletea chai, sebule nzima ikanukia iliki. Baba akaichukua, akaimwaga, sinki likakoroma.

"Baba, mgeni huyo!"

"Huyu si mgeni, mwanangu."

Nilimwonea baba aibu. Yule bwana alipokuwa akivaa viatu mlangoni, nikamnong'oneza, "Tusamehe, mjomba."

Alitabasamu, akanipapasa kichwa. Alikuja ili aombwe radhi, na mimi ndiye niliyemwomba.