Kisu cha Vita cha Akina Iturralde

Hapa kwetu Areco, aliyetaka kujua kisu chake cha fedha kilitoka wapi na kina umri gani alikwenda kwa Eleuterio Basualdo, mfua fedha. Aliutazama mpini, akalisugua bapa kwa kidole gumba, kisha akasema: hiki ni cha Wabrazili, hiki kilichongwa kutoka upanga wa jeshi, hiki ni kipya, wamekizeesha kwa tindikali. Hakupindisha neno kwa yeyote.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Anselmo Iturralde, mchunga ng'ombe, baba wa ubatizo wa binti yake. Waliitana kompadre. Anselmo hakuwa na shamba wala mifugo. Fahari yake ilikuwa kisu cha babu yake aliyefia vitani Paraguai. Wenzake ndio waliokirudisha nyumbani. Kila sikukuu alikichomeka mshipini, na Eleuterio hakuwahi kukichomoa alani. Cha rafiki hakipimwi.

Mwaka 1968 klabu ya wapanda farasi ikaamua kukitundika ukumbini na kuupa ukumbi jina la babu huyo. Eleuterio akaombwa akithibitishe mbele za watu. Akakichomoa. Karibu na mpini palikuwa na herufi ndogo, jina la nchi kilikotengenezwa: Ujerumani. Visu vya wakati wa vita havikuwa na chapa ile. Ilianza kugongwa mifupa ya babu ikiwa imeshaoza.

"Kompadre, njoo nje kidogo."

"Sema hapahapa. Nifiche nini mimi?"

"Njoo nje, nakuomba."

"Sema, bwana. Watu wanangoja nyama."

Eleuterio akasema. Mtu mmoja nyuma akadakia: "Kumbe babu alipigana akiwa kaburini." Wakaangua kicheko.

Kesho yake Anselmo alikuja karakanani. Alipopewa kibuyu cha mate, chai ya kukaribishia wageni, hakukipokea.

"Neno moja la uongo lingekuua?"

"Nilikuita nje, kompadre. Labda cha babu kilipotea, mzee wako akanunua hiki."

"Haya, sasa na baba yangu ni mwongo. Nani amebaki? Mama?"

Ukumbi ukapewa jina la mtu mwingine. Anselmo akaacha kwenda kwenye sikukuu, kwani vijana walikuwa wakimwita Mjerumani. Kifua kikambana, na baridi ya mwaka uliofuata ikamchukua.

Eleuterio alivaa suti yake nyeusi akaenda kubeba jeneza. Mjane, Herminia, alimzuia mlangoni.

"Wabebaji wametosha, don Eleuterio."

Walikuwa watatu, na mmoja wao kiwete. Eleuterio akavua kofia, akafuata kwa mbali mpaka makaburini, peke yake upande wa pili wa barabara.

Baada ya hapo, kila aliyemletea kisu aliambiwa, "Ni cha zamani sana, kitunze." Aliwaambia hivyo hata wenye visu vya mwaka jana. Nao waliondoka wamefurahi.